Sauti ya Nne ya Majabalini

Wenyewe mpo?

— Tupo!

Masikio mmeyafungua?

— Milango na madirisha!

Paukwa?

— Pakawa!

Pakawa na nini?

— Na wimbo!

Basi tulieni niwape. Mimi nimeimba kwaya tangu sijaota ndevu, nimeshindwa mara nyingi kuliko nilivyoshinda, na majaji nimewatukana sana, kimoyomoyo. Kwa hiyo hadithi hii naijua kwa tumbo.

Hapo kale wanyama walikuwa na shule zao, na shule zao zilikuwa na kwaya. Si kwaya za kusimama kama miti. Kwaya za kuimba na kucheza: sauti juu, miguu chini, mabega katikati. Kila mwaka mvua zikikatika, shule zilikutana kushindana. Walikuja pundamilia wa Shule ya Tambarare. Walikuja ngedere wa Shule ya Mitini. Walikuja viboko wa Shule ya Bwawani. Na nyuma kabisa, wakikimbia ili wasiachwe, walikuja pimbi wa Shule ya Majabalini.

Pimbi mnamjua? Kamnyama kadogo ka kwenye mawe. Hana pembe, hana mkia. Ukimwona kwa mbali utadhani ni sungura aliyesahauliwa masikio.

Hawakushindania kikombe, hapana. Walishindania maji. Kiangazi kikikaza, mito yote ilikauka, ikabaki chemchemi moja chini ya mlima wa mawe. Shule iliyoshinda ndiyo iliyokunywa kwanza, kila asubuhi, kiangazi chote. Ikafuata ya pili, ikafuata ya tatu, mpaka ya mwisho.

Sasa miaka mitatu mfululizo walishinda Bwawani. Na kiboko hanywi kama wewe na mimi. Kiboko anaingia. Chubwi! anaingia mwalimu. Chubwi! Chubwi! wanaingia wanafunzi. Wanagaragara humo, wanajisaidia humohumo. Wakitoka, pundamilia wanakunywa tope. Ngedere wanakunywa tope la tope. Pimbi wanalamba kilichobaki. Kiangazi kilichopita watoto saba wa Majabalini waliugua matumbo. Watano walipona. Wawili walizikwa chini ya mawe, na mmoja wao alikuwa mjukuu wa Bi Pimbi, mwalimu wa kwaya.

Je, Bwawani waliimba vizuri? Waliimba kwa nguvu. Mwalimu wao, Bwana Kiboko, alikuwa na mdomo kama mlango wa ghala. Na majaji walipotaja alama tu, alikuwa anainuka, dindi! dindi! dindi! mpaka mbele yao.

"Napinga!"

"Unapinga nini, Bwana?"

"Ngedere wamecheza kwa mikono. Kanuni inasema miguu!"

Majaji wanamtazama. Wanayatazama meno yake. Wanapunguza alama za ngedere.

Dindi! dindi! dindi! "Napinga!"

"Unapinga nini tena, Bwana?"

"Pundamilia wamevaa sare. Sisi hatuna sare. Wanatuonea!"

Majaji wanayatazama meno. Wanapunguza alama za pundamilia.

Mwaka mmoja alimkuta Tembo mwenye sauti nene katika Shule ya Msituni, akamtamani, akamchukua aimbe na viboko. Watu wakanung'unika kwamba huyo ni mwimbaji wa nje. Bwana Kiboko akawaandikisha majaji kanuni mpya palepale: "Mwimbaji wa nje ni halali, mradi mwalimu wake ameridhia. Naye atahesabiwa kwenye kwaya aliyoiimbia mwisho, na kwaya aliyoiacha itatolewa." Mwalimu wa Msituni akatishwa mpaka akaridhia. Kwa kanuni moja Bwana Kiboko akampata Tembo, tena akawaondoa tembo wote mashindanoni. Tangu hapo hawakurudi.

Basi alasiri moja Bi Pimbi alikaa juu ya mawe, karibu na pale alipomzika mjukuu wake. Hakuwa analia. Machozi yalikwisha siku nyingi. Alikuwa amekaa tu. Upepo wa alasiri ukapanda kutoka bondeni, ukaingia kwenye ufa wa jiwe kubwa kuliko yote, na jiwe likatoa sauti.

Vuuuuuuu.

Bi Pimbi alizaliwa juu ya jiwe lile. Sauti ile aliisikia kila alasiri ya maisha yake, kama unavyosikia jirani akikohoa. Lakini siku hiyo, kwa kuwa moyo wake ulikuwa kimya, aliisikiliza. Ilikuwa nzito. Ilikuwa nene. Ilianzia chini ya miguu yake, ikapita tumboni, ikatokea utosini. Manyoya yakamsimama.

Akafungua mdomo, akaimba polepole juu yake. Na jiwe halikuacha. Likambeba.

"Kumbe!" akasema Bi Pimbi. "Kumbe sisi tunayo sauti ya nne!"

Maana kwaya ya pimbi ilikuwa na sauti ya kwanza, na ya pili, na ya tatu kwa shida. Sauti ya nne, ile nzito ya chini inayoshikilia nyumba isianguke, hawakuwa nayo. Kamnyama kale kataitoa wapi?

Kesho yake akawapandisha wanafunzi wake wote. "Msiimbe," akawaambia. "Sikilizeni kwanza." Wakasikiliza siku kumi. Siku ya kumi na moja wakaanza kuimba. Waliimba alasiri baada ya alasiri, miezi tisa, mpaka wakajua upepo unaingia saa ngapi, unavuta pumzi wapi, unashuka lini.

Mashindano yalipokaribia, Bi Pimbi alishuka mpaka bwawani, akainama.

"Shikamoo, Bwana Kiboko."

"Marahaba. Mnajiandaa kushindwa?"

"Tumeshajiandaa, Bwana. Nina wasiwasi mmoja tu. Hapa bwawani ni tambarare. Mwaka jana waliokaa nyuma hawakukuona. Waliniuliza, 'Hivi Bwana Kiboko alikuja?'"

"Nini? Mimi? Sikuonekana?"

"Hukuonekana. Lakini kule kwetu majabalini kuna mteremko. Ukisimama chini, wa mbele anakuona, wa kati anakuona, wa nyuma anakuona."

Bwana Kiboko akafikiri. Akajiona amesimama pale, anaonekana na kila mtu, kila upande.

"Mashindano yatakuwa majabalini," akasema. "Na sisi tutaimba kwanza, watu wakiwa bado hawajachoka."

"Kwanza kabisa, Bwana. Sisi tutaimba mwisho, alasiri, watu wakiwa wanasinzia."

"Hapo ndipo penu," akasema Bwana Kiboko, akazama zake. Blubu!

Siku ikafika. Mlima ulijaa wanyama tangu chini hadi juu. Majaji walikuwa watatu. Mzee Kobe, jaji mkuu, alisikiliza sauti. Bwana Korongo alitazama miguu, kwa sababu yeye mwenyewe ni mchezaji. Bi Twiga alitazama nidhamu, maana hakuna kilichomfichika. Kila jaji alikuwa na kokoto kumi za kutolea alama.

Bwawani wakaimba. Gooo! Gwaaa! Gooo! Ardhi ikatikisika, vumbi likapanda, watu wakapiga makofi haraka haraka ili Bwana Kiboko asiwatazame. Kokoto ishirini na saba.

Mitini wakaimba. "Napinga!" Kokoto kumi na tisa.

Tambarare wakaimba. "Napinga!" Kokoto ishirini.

Jua likainama. Watoto wa pundamilia wakasinzia kweli. Ndipo pimbi wakapanda, wadogo, wamejipanga mistari mitatu mbele ya jiwe kubwa lenye ufa. Bi Pimbi akasimama mbele yao. Hakuinua mkono. Alingoja.

"Wanangoja nini?" akauliza Bwana Korongo.

Jani moja likatikisika bondeni. Nyasi zikalala upande mmoja. Bi Pimbi akainua mkono.

*Jiwe, jiwe, u macho?*

Vuuuuuuu.

*Jiwe, jiwe, wasikia?*

Vuuuuuuu.

*Wamelala chini yako, wafunike.*

Vuuuuuuu.

*Tumebaki juu yako, tubebe.*

Vuuuuuuu.

Ndugu zangu, niwaambieje? Ile haikuwa sauti ya kuingia masikioni. Iliingia kwa nyayo. Wanyama waliokaa wakajikuta wamesimama, na waliosimama wakajikuta wamekaa. Ngedere, ambao hawajapata kunyamaza tangu dunia iumbwe, wakanyamaza. Sauti tatu za pimbi zilikuwa nyembamba kama nyuzi za buibui, na chini yake ile sauti ya nne, nene, pana, imezishikilia zote isianguke hata moja. Na pimbi wakacheza. Hatua mbili kulia, hatua mbili kushoto, tap-tap, tap-tap, miguu midogo kama mvua inayoanza. Mama Pundamilia mmoja aliyepoteza mtoto kiangazi kile akaanza kulia bila kelele, na jirani yake akamwegemea.

Na Bwana Kiboko? Bwana Kiboko alisimama chini ya mteremko, pale pa kuonekana na kila mtu. Mdomo ulikuwa wazi. Wazi kabisa. Chozi lilimtiririka mpaka kwenye pua naye hana habari.

Wimbo ukaisha. Hakuna aliyepiga makofi. Watu walisahau kwamba wana mikono.

Mzee Kobe akaingiza kichwa ndani ya gamba, akakaa humo, akakitoa. Akasukuma kokoto kumi. Bwana Korongo akasukuma kumi. Bi Twiga akasukuma tisa, kwa sababu Bi Twiga hajawahi kumpa mtu kumi.

"Majabalini," akasema Mzee Kobe, "kokoto ishirini na..."

Dindi! dindi! dindi!

"Napinga!"

Mlima mzima ukaguna.

"Unapinga nini, Bwana?"

"Ile sauti nzito si ya pimbi! Tazameni hivyo vifua, kila kimoja ngumi tupu! Wameficha mwimbaji wa nje, bila ridhaa ya mwalimu wake. Watolewe!"

Majaji wakatazamana. Safari hii hawakutazama meno. Jambo lilikuwa zito kweli. Mzee Kobe akageuka taratibu, kama anavyogeuka yeye.

"Bi Pimbi. Unajibu nini?"

Bi Pimbi akapiga goti. "Bwana Kiboko amesema kweli. Ile sauti nzito si ya pimbi."

Loo! Watu wakashika vichwa. Wanafunzi wake wakamtazama, wengine wakaanza kulia. Bwana Kiboko akacheka mpaka meno yote yakaonekana.

"Ni ya nani, basi?" akauliza Mzee Kobe.

"Mzee wangu, mimi ni mdogo. Mdogo kumtaja mkubwa mbele za watu si adabu. Ninauliza tu: sauti nene namna ile, sauti ya kuwatoa watu machozi, mbuga nzima hii nani tunamjua kwa sauti nene?"

Kisha ngedere mmoja juu ya mti akasema, "Bwana Kiboko?"

Pundamilia akasema, "Bwana Kiboko!"

"Nilimwona," akasema Bi Twiga, ambaye hakuna kinachomfichika. "Wakati wa wimbo alikuwa na mdomo wazi. Wazi kama pango. Tena analia."

Mlima mzima ukamgeukia. Akinamama wakapiga vigelegele. "Bwana Kiboko! Kumbe ni wewe! Kumbe una sauti kama ile!"

Bwana Kiboko akafungua mdomo aseme si yeye. Halafu akaziona nyuso zile. Miaka mitatu ameshinda, na miaka mitatu watu wamempigia makofi huku wakitazama chini. Hakuna aliyewahi kumtazama hivi. Mama Pundamilia, macho bado mekundu, alikuwa anamtazama kama mtu anavyotazama mvua. Bwana Kiboko aliyataka macho yale. Aliyataka yote, mpaka la mwisho.

"Ni..." akasema. "Ni mimi."

"Ni wewe?" akauliza Mzee Kobe.

"Ni mimi."

"Ni wewe kweli?"

"Ni mimi kweli! Mniulize mara ngapi? Nilikuwa naimba kwa chini."

"Na mwalimu wako ameridhia uimbe na Majabalini?"

"Mwalimu wangu ni mimi mwenyewe! Nimeridhia!"

"Kanyaga hapa," akasema Mzee Kobe. Bwana Kiboko akakanyaga udongo laini, pwata! alama ya mguu ikabaki, mbele ya mashahidi.

Mzee Kobe akakohoa. "Kanuni inasema mwimbaji wa nje ni halali, mradi mwalimu wake ameridhia. Ameridhia. Kanuni inasema atahesabiwa kwenye kwaya aliyoiimbia mwisho. Amehesabiwa. Kanuni inasema kwaya aliyoiacha itatolewa. Imetolewa. Mshindi ni Majabalini. Wa pili Tambarare. Wa tatu Mitini. Bwawani hawamo."

Mlima ukalipuka kwa shangwe. Wanafunzi wa Bwawani wakamgeukia mwalimu wao, na Bwana Kiboko akasimama akiitazama alama ya mguu wake. Akisema si yeye, ni mwongo mbele ya mbuga nzima. Akisema ni yeye, ameshindwa.

Hadithi ingeishia hapo, mngelala vizuri. Lakini wanyama wakaanza kuita: "Tena! Tena! Waimbe tena na Bwana Kiboko!" Na desturi ilikuwa hivyo, kwaya iliyoshinda inarudia wimbo wake, na waimbaji wake wote wawepo.

Bi Pimbi akatazama bondeni. Jani halitikisiki. Nyasi zimesimama wima. Upepo umelala.

Akashuka mbio mpaka sikioni mwa Bwana Kiboko.

"Upepo umekata," akanong'ona. "Ile ilikuwa sauti ya jiwe."

Bwana Kiboko akamgeukia. "Umeniua, wewe mwanamke."

"Sijakuua bado, wala wewe hujaniua. Wewe una uongo wako, mimi nina ukweli wangu niliounyamazia. Jiwe lisipolia sasa hivi, tunaaibika wote wawili. Imba."

"Siwezi. Nikiimba watu hukimbia."

"Huwa unaimba ili uwazidi. Usimzidi mtu. Toa tumboni, usitoe kooni. Chini kabisa. Tubebe tu."

Akapanda, akainua mkono.

*Jiwe, jiwe, u macho?*

"Gwaaaa!" Ndege wote wakaruka. Watu wakaanza kucheka. Bwana Kiboko akainamisha shingo. Bi Pimbi hakucheka. Akarudia, kama mwalimu anavyorudia.

*Jiwe, jiwe, wasikia?*

"Gooovuu..." Kicheko kikapungua. Bi Pimbi akashusha kiganja polepole, chini, chini zaidi, kama anayemlaza mtoto.

*Wamelala chini yako, wafunike.*

Bwana Kiboko aliyajua maneno yale yalimhusu nani. Alikuwa ameyapita makaburi yale mawili asubuhi, akiyakanyagia vumbi. Akafumba macho.

Vuuuuuuu.

Laini. Nene. Ilianzia kwenye kwato, ikapita tumboni, ikatoka. Na wallahi, msinibishie, ule ufa wa jiwe, bila upepo, bila chochote, ukaanza kuvuma naye. Kokoto za majaji zikacheza zenyewe juu ya udongo. Kiumbe kile kikubwa, miaka yote amekuwa na sauti ile tumboni na hajui, kwa sababu hajawahi kuimba kwa upole. Wanafunzi wake viboko wakasogea mmoja mmoja mpaka nyuma yake, na hakuna aliyewakataza.

Bi Pimbi naye akasahau kuongoza. Mkono ulibaki hewani, umeganda. Alipanga hila ya kumwangusha adui, naye sasa amesimama anamsikiliza adui, manyoya yote wima.

Wimbo ulipoisha, Mzee Kobe alikaa ndani ya gamba lake mpaka jua likagusa mlima.

Asubuhi yake pimbi walishuka chemchemini wakiwa wa kwanza. Maji yalikuwa meupe, yanaonyesha kokoto za chini. Watoto walikunywa mpaka matumbo yakawa ngoma. Mbali, nyuma ya pundamilia na ngedere, viboko walikuwa wamesimama kwenye foleni, wa mwisho.

Bi Pimbi akamwita. "Bwana Kiboko! Njoo mbele."

"Mimi ni wa mwisho."

"Bwawani ni wa mwisho. Wewe umehesabiwa Majabalini, mguu wako uko kwenye udongo. Mwanakwaya wetu anakunywa na sisi."

Bwana Kiboko akaja, dindi, dindi, taratibu. Akafika ukingoni. Akainua mguu aingie.

"Napinga," akasema Bi Pimbi.

Mguu ukabaki hewani. Watoto wa pimbi wote wakamtazama, videvu vikidondosha maji. Bwana Kiboko akawatazama. Akaurudisha mguu nchi kavu, akakunja magoti mawili ya mbele kwa shida, akanyoosha shingo, akanywa kwa mdomo.

Basi, na funzo ni lipi? Funzo ni kwamba matokeo ya majaji yakubalini bila ubishi, maana majaji hawakosei, kama mlivyosikia wenyewe. Funzo la pili, mdogo asimfanyie hila mkubwa, ni tabia mbaya na haimfikishi mtu popote isipokuwa kwenye maji safi. Na la tatu, usidai sauti isiyo yako. Lakini ukishaidai, basi jitahidi uwe nayo.

Mimi nimeishusha sauti yangu hapa. Aliyeipenda aibebe kwake, asiyeipenda anirudishie.

— Hatukurudishii!